Mama Mkwe Amefika Kabla ya Suruali

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Na kusema kweli, sikuwa nimevaa nyingi.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Mguu wa kushoto unawasha. Mke wangu yuko jikoni anacheka. Anacheka, ananyamaza, anakoroga mchuzi, anaanza tena. Nimeona heri mnisikie mimi kwanza kabla hamjasikia kwa shemeji Shadrack, maana yeye ameondoka na video. (Ndiyo, kuna video. Tulieni, tutafika.)

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu. Nakusanya treni za zamani za kuchezea. Sisemi hizi za plastiki zenye betri, la! Nasema zile za bati, zilizoundwa kabla sijazaliwa. Unachomeka ufunguo ubavuni mwa kichwa cha treni, unakaza springi hadi vidole viume, unakiweka relini, unaachilia. Kinaondoka chenyewe, tik-tik-tik-tik, na mabehewa nyuma! Nina vichwa sita. Kimoja nilikipata soko la Toi, chini ya rundo la sufuria zisizo na vifuniko, nikakileta hadi mtaani kwetu Satellite nimekipakata kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Na kila kichwa kina ufunguo wake. Ukilazimisha ufunguo wa nduguye, unakata kijiti cha springi na huo ndio mwisho. (Niliwahi. Tuliomboleza siku tatu. Yaani mimi niliomboleza. Mke wangu alienda kwaya.)

Lakini hivyo sita vyote ni vya kupitishia muda. Roho yangu iko kwa cha saba.

Cha saba ni cha kijani. Magurudumu mekundu, mstari wa dhahabu ubavuni, kibanda cha dereva chenye vidirisha vya duara. Kilikuwa cha baba mkwe, marehemu, aliyefanya kazi ya reli tangu ujana hadi kustaafu. Nilikiona mara ya kwanza siku niliyoenda Bungoma kujitambulisha kwa wakwe. Wazee wameketi, wanaongea mambo mazito, na mimi macho yako juu ya kabati, kati ya sahani za wageni na picha ya harusi. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, umeona nini katika boma hili kilichokutoa Makueni mpaka hapa?" Nikaonyesha kabati kwa kidole. Nekesa, ambaye sasa ni mke wangu, alikuwa amesimama mlangoni na trei ya soda. Hajanisamehe mpaka leo.

Miaka tisa nimekitamani kichwa kile. Miaka tisa! Kisha majuzi mama mkwe akapiga simu. Alisema wajukuu wanakaribia kukivunja. Shadrack, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa amekikataa. ("Gari haina petroli, ya nini?" Hivyo ndivyo alivyosema. Kuna watu na viatu.) Kwa hiyo mama alikuwa anamtafutia huyo wa kijani mtu wa kumpokea. Akamuuliza Nekesa, na simu ilikuwa kwa spika:

"Huyo bwana yako, hizo treni yake anazichezea ama anazitunza?"

Wakati huo nilikuwa sakafuni, kwa tumbo, nachungulia magurudumu. Nikampungia Nekesa mikono yote miwili. Natunza! Mwambie natunza!

"Anazitunza, Mama," Nekesa akasema, akinitazama pale chini.

"Hachezi nazo?"

"Hata hazigusi, Mama. Ziko tu kwa kabati."

"Sawa. Maana mimi kitu ya baba yenu siwezi patia mtu ya kucheza. Nitakuja nione na macho yangu."

Leo ndiyo ilikuwa siku ya macho yake.

Sasa elewaneni na mimi kuhusu jambo moja. Kwao Bungoma na kwetu Ukambani, katika hili tumelingana kabisa: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono. Akipita njia hii, wewe unapita ile. Ukiwa na neno naye, unamwambia mkeo, naye analifikisha, hata kama mama yuko hapo hapo na masikio yake mawili yanafanya kazi. Kulala nyumbani kwa mkwe ndiyo kabisa, hakuna. Kwa hiyo mpango ulikuwa hivi. Shadrack angempokea mama kwenye basi mjini, ampeleke kwake Kabiria aoge, anywe chai, apumzike. Saa kumi wangekuja kwetu. Mimi ningesimama mlangoni nimevaa suti, nimeinamisha kichwa, nisalimie kwa mbali kisha nitoke nje nikae kibarazani. Kabati la kioo lingesema mengine.

Asubuhi mapema nilikuwa River Road kwa fundi wa saa, kununua mafuta mapya ya springi. Fundi ananifahamu. Aliniangalia akatabasamu.

"Leo umenyoa mpaka kisogo. Unaenda kuoa wa pili?"

"Leo naletewa wa saba!" nikamwambia. Mama mmoja aliyekuwa ameleta saa yake alinitazama kwa jicho baya sana.

Kufika saa saba nilikuwa nyumbani. Nekesa alikuwa amepiga pasi ile suruali ya suti, marinda yamesimama wima, ameitundika chumbani. "Usivae saa hii utaikunja. Vaa ukisikia gari kwa geti." Basi nikabaki na fulana na kaptura ya kulalia, ile ya bluu iliyokatika lastiki. Kisha akachukua kikapu aende Dagoretti Corner kutafuta kuku. Mlangoni akageuka.

"Baba Neema. Nikirudi nisipate hata reli moja kwa sakafu."

"Mama Neema, si uniamini tu?"

Aliguna tu.

Na mimi nilifanya kazi! Nilivipanga vichwa vyote sita kabatini, nikavifuta kimoja kimoja, kila kimoja na karatasi ndogo mbele yake. Palikuwa kama makumbusho ya taifa. Nikarudi nyuma nikatazama. Nikajipongeza kwa sauti.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Nilijiuliza: huyu wa kijani ni mrefu kuliko hawa wangu. Je, kona za reli zangu atazipita? Mtunzaji mwema lazima apime, si ndiyo? Nitatandika kona moja tu. Moja!

Kona moja haisimami peke yake, mnajua. Nikaongeza ya pili. Kufumba na kufumbua, reli ilikuwa imetoka chini ya meza ya kulia chakula, ikapita mbele ya kochi, ikaingia ukumbini hadi karibu na choo, ikarudi. Nikaweka na vituo vyangu vya kadibodi: Kabiria, Satellite, Dagoretti Corner. Nikavaa kofia ya mkuu wa stesheni. (Alinishonea fundi wa nguo za shule. Alidhani ni ya mtoto, ikabidi aongeze kitambaa.) Nikachukua filimbi. Nikamtoa mmoja wa wale sita, yule mwekundu, kabatini, nikamtia yale mafuta mapya, nikakaza springi hadi mwisho. Na ili wenzangu wa kundi la treni wasinikose, nikawasha kamera ya simu, nikaiegemeza ndani ya behewa la wazi. Sisi tuko wanne katika kundi hilo, na wawili hawajibu kamwe, lakini nilitaka waone.

Nikapuliza filimbi. Akaondoka!

Jamani, lile dude lilikimbia! Siku zote mwekundu hukata pumzi raundi ya tatu. Leo, na yale mafuta, alipita raundi ya nne kama hajaanza. Nilikuwa natambaa nyuma yake kwa magoti, natangaza vituo, napiga honi kwa mdomo. Mlango nilikuwa nimeuacha wazi kwa sababu ya joto. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, siwadanganyi. Nilikuwa na miaka saba.

Ndipo nikasikia sauti kibarazani.

"Wenyewe wako?"

Shadrack! Saa nane na robo! Na nyuma yake sauti nyingine, ya taratibu, ikisema, "Ngoja nitoe viatu."

Suruali iko chumbani. Chumba kiko ng'ambo ya ukumbi, na ukumbi unaonekana wazi kutoka mlangoni. Nilikuwa na nukta mbili. Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilijirusha chini ya meza.

Meza yetu ina kitambaa cha kufuma, kazi ya mikono ya Nekesa, kinashuka hadi karibu na sakafu. Kizuri sana. Kina matundu kama chandarua. Nilijikunja pale chini, kofia kichwani, magoti kidevuni, nikaona kila kitu.

"Keti hapa, Mama," Shadrack akasema, akamweka kwenye kochi, mkabala na mimi kabisa. "Kwangu maji imepotea, lakini hapa utaoga poa. Shem! Shem, uko wapi?"

Kimya. Isipokuwa tik-tik-tik-tik, inatoka ukumbini.

"Shadrack, nini inalia hivyo?"

"Ni saa, Mama."

Mwekundu akaingia sebuleni. Akapita kituo cha Dagoretti Corner. Akapita mbele ya kochi. Mama mkwe akainua miguu yote miwili, polepole, kama anayeruka maji, akaingoja ipite.

"Shadrack. Hiyo saa inatembea."

(Nilimwomba Mungu akate ile springi. Nilimwahidi sadaka.)

Treni ikaja chini ya meza, ikanipita, nikajaribu kuidaka, nikaikosa. Ikatoka upande wa pili. Na wakati huo huo simu iliyokuwa ndani ya behewa ikaanza kuita! Mlio wangu wa simu ni honi ya treni. PUUUUU! PUUUUU! Mama mkwe alishika kifua. Shadrack akaifuata kwa kuinama, akainyakua simu, akaachia treni iendelee.

"Hello? Nekesa? Eeh, tumefika. Simu ya shem ilikuwa kwa behewa. Behewa! Ya treni! Zii, sijalewa. Mwenyewe simwoni. Ati uko hapo kwa geti na kienyeji? Kama Mama alitaka broila, mimi najuaje?"

Akakata. Nikashusha pumzi. Lakini kamera ilikuwa bado imefunguka, na Shadrack ana kidole kisichotulia. Akabonyeza. Nyumba yote ikajaa sauti yangu:

"Abiria wapendwaaa! Treni ya saa nane inaondoka Kabiria! Msining'inie mlangoni! Wewe mama wa viazi, ondoa gunia lako kwa reli, hii si shamba ya baba yako! Puuuuu! Puuuuu!"

Kupitia tundu la kitambaa nilimwona mama mkwe akitazama dirishani, uso hauna hata mkunjo mmoja.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni... redio, Mama," Shadrack akasema. Mungu ambariki, alijaribu.

Ningenusurika, nawaambia. Ningekaa pale chini hadi Jumatatu. Lakini mwekundu alikuwa anarudi, na mimi kwa kujikunja nilikuwa nimelaza mguu wangu juu ya reli. Akanigonga. Akapinduka. Na akiwa amepinduka, magurudumu bado yanazunguka, yale meno ya gia tumboni mwake yakashika manyoya ya mguu wangu. Yakaanza kuyavuta. Kuyasokota! Yakiingia ndani moja baada ya jingine, tik, tik, tik!

Nilipiga ukwenzi uliosikika Kawangware.

"WOOOI! MAMA YANGU!"

Nikasimama. Nilisahau kuna meza. Meza ikainuka na mimi, ikaenda upande wake, kitambaa kikabaki begani kwangu kama kanzu ya askofu, kisha nacho kikateleza chini. Nikabaki nimesimama katikati ya sebule. Fulana. Kaptura ya bluu, mkono mmoja umeishikilia kwa sababu ya lastiki. Kofia ya mkuu wa stesheni. Na treni inaning'inia mguuni.

Tukatazamana. Mimi na mama mkwe, uso kwa uso. Miaka tisa ya heshima ikaisha hapo.

Yeye alikuwa mwepesi. Alijifunika leso kichwani, akageukia ukuta. Mimi nami nikakumbuka mila. Nikavua kofia, nikafunika uso. Uso! Mwili wote huu uko nje, nami nimeficha sehemu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo Nekesa alipoingia na kikapu, kuku kwapani. Kuku ndiye wa kwanza kusema kitu. Halafu nikamsikia Shadrack akinong'ona, "Shem, usisonge, nakushuti," na nikajua simu yake nayo iko kazini.

Mama mkwe akauambia ukuta, "Nekesa, mwambie bwana yako nimemsalimia."

"Mama amekusalimia," Nekesa akasema. Sauti ilikuwa inamtetemeka. Si kwa hasira, nilimjua.

"Mwambie nimeshukuru," nikasema nyuma ya kofia. "Mwambie karibu sana. Mwambie ajisikie nyumbani."

"Anasema ujisikie nyumbani, Mama."

"Mwambie aende avae."

Nilitoka kinyumenyume, kofia usoni, mkono kwenye kaptura, nikiburuta mwekundu. Kila hatua, tik. Nilivaa suti yote. Nilivaa hata tai. Kisha nikapita dirishani (ndiyo, dirishani, mlangoni ningepita mbele yake), nikakaa kibarazani nikitazama nguo za jirani zikikauka. Na niliumia, wenzangu. Si mguu. Nilimfikiria yule wa kijani akirudi Bungoma ndani ya mkoba, miaka tisa ya kungoja nimeipoteza kwa raundi tano za sakafuni. Machozi yalinilenga, sitaficha.

Ndani walikaa karibu saa nzima. Nilisikia mama akiuliza jambo, Nekesa akijibu, kisha kicheko. Kisha nikamsikia Shadrack akimpeleka mama kupitia mlango wa nyuma, warudi Kabiria.

Nekesa akatoka. Mikononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti. Akanipakatisha.

Nilijua kabla ya kufungua. Nilijua kwa uzito! Kijani. Mstari wa dhahabu. Vidirisha vya duara. Hata ile harufu ya bati kuukuu. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Nilimkumbatia mke wangu, nikamkumbatia na kuku, aliyekuwa amefungwa pale kibarazani.

"Amenipa? Baada ya yote yale?"

"Amekupa."

"Kweli mama yako ni mtakatifu!" Nikakigeuza, nikapapasa ubavu. Tundu la ufunguo lilikuwepo, dogo, la pembe nne, dogo kuliko la vichwa vyangu vyote. Nikatikisa gazeti. Nikalikung'uta. Nikaangalia chini ya kiti.

"Mama Neema, ufunguo uko wapi?"

Nekesa akaketi kwanza. Alihitaji kuketi.

"Ufunguo ameenda nao. Umefungwa kwa pindo la leso yake. Amesema hivi, nikuambie vile vile: mtu ya kutunza hahitaji ufunguo."

Nikapapasa tena lile tundu.

"Amesema baba pia alikuwa anaambia watu anatunza tu. Kwa hivyo miaka yote ufunguo ulikuwa unakaa kwake, na baba akitaka kucheza alikuwa anakuja kuomba. Na wewe siku utakubali unacheza, uende Bungoma umwambie mwenyewe. Kwa mdomo wako. Hataki nitumwe."

"Mwenyewe? Uso kwa uso?"

"Amesema uso ameshaona. Sasa anataka kuona suruali."

Basi mjue nilipo. Nimekaa kitandani na kichwa cha treni nilichokitamani miaka tisa. Nakisukuma kwa kidole juu ya blanketi, na ile tik-tik nafanya kwa mdomo. Msinicheke. Mama anarudi kwake Jumatatu, kwa hiyo anayejua basi la kwanza la Bungoma siku ya Jumanne linaondoka saa ngapi, aniandikie hapa chini. Suruali nimeshavaa.